Maswali na Majibu: Chakula katika Nyumba za Upataji Nafuu

Barua za mwezi huu tumezikusanya pamoja kwa kuwa zote zinahusu jambo moja, nalo ni namna ya kuwalisha watu walioacha, au wanaojitahidi kuacha, unga (heroini) na pombe. Anayejibu ni afisa lishe wa safu hii. Majina ya walioandika hatukuyachapisha, na barua zilizokuwa ndefu tumezifupisha.

*Mimi ni mpishi wa soba hausi (nyumba ya upataji nafuu) hapa Unguja, na ninapika kwa wakazi 25. Asubuhi ni chai ya rangi na mkate, mchana ugali kwa maharage, usiku wali kwa mchuzi wa samaki pesa zikiwepo. Wanaoletwa wakiwa na arosto (maumivu ya kuacha unga) hutapika kila ninachowapa, na waliokwisha kaa mwezi humaliza sahani wakadai nyongeza. Hivi karibuni aliletwa mzee mmoja mnywaji wa gongo, amekonda sana. Tukamhurumia, tukamshibisha, na siku ya tatu miguu ikavimba na moyo ukamwenda mbio, akapelekwa hospitali. Tulikosea wapi, na nipike nini?* — Mama mpishi, Unguja

Mama, nitaanza na mzee huyo, kwa sababu hapo ndipo penye hatari kubwa, na kwa sababu jambo mlilolifanya kwa huruma hufanywa na watu wema kila mahali. Sikumpima, kwa hiyo maelezo ya hospitali ndiyo ya kutegemewa. Lakini dalili ulizozitaja zinafanana na hali wanayoifahamu vyema wahudumu wa lishe, ambayo humpata mtu aliyekaa na njaa kwa muda mrefu anapolishwa kwa wingi ghafla. Mwili uliokosa chakula hujiendesha kwa mafuta na misuli yake wenyewe. Unapopokea sahani kubwa ya ugali au wali, homoni ya insulini hupanda, na madini machache yaliyosalia katika damu, hasa fosfeti, potasiamu na magnesiamu, huingia kwa kasi ndani ya seli, damu ikapungukiwa. Hapo moyo huweza kupiga bila mpangilio, miguu hujaa maji, pumzi huwa fupi, na wapo wanaopoteza maisha.

Kwa hiyo mtu ambaye amekula kidogo sana au hakula kabisa kwa zaidi ya siku 5 aanze na chakula kisichozidi nusu ya mahitaji yake, kigawanywe katika milo midogo 5 au 6 kwa siku, kisha kiongezwe taratibu kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. Aliyekonda kiasi cha kuhesabika mbavu aonwe na daktari kabla jiko lenu halijaanza kumhudumia.

Kwa mnywaji wa pombe kuna jambo jingine linalokwenda sambamba na hilo. Pombe huuzuia utumbo kufyonza vitamini B1, na akiba ya vitamini hiyo mwilini ni ya wiki chache tu. Wanga na sukari haviwezi kutumika mwilini bila B1, ndiyo maana mlo mkubwa wa wanga kwa mtu aliyeikosa unaweza kumletea madhara ya ubongo: anachanganyikiwa, anayumba anapotembea, macho yanamcheza. Dawa yake ni B1 yenyewe, ambayo hutolewa kabla ya kumlisha au pamoja na chakula cha kwanza, na mara nyingi kwa sindano. Kuitoa si kazi yako, lakini kuuliza ni kazi yako. Kila anapoletwa mnywaji mpya, muulize muuguzi kabla hujashika upawa: ameshapata B1, na amekaa siku ngapi bila kula? Tena ujue kwamba mnywaji wa kila siku anayeacha ghafla anaweza kupatwa na degedege katika siku 2 au 3 za mwanzo, na huyo ni mgonjwa wa hospitali. Hakuna supu itakayomtibu.

Sasa tuje kwa vijana wa unga. Arosto ya heroini huanza kati ya saa 8 na 24 baada ya kutumia mara ya mwisho, na huendelea kwa siku 4 hadi 10. Katika siku hizo tumbo linasokota, mtu anatapika, anaharisha na kutoka jasho jingi, na anachopoteza zaidi ni maji na chumvi. Usimpe sahani ya ugali ukaona ameidharau kazi yako. Mpe maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, kwa vikombe vidogo vidogo mchana na usiku, na zikikosekana pakiti, changanya lita 1 ya maji safi na salama, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Kisha uji mwepesi wa mchele, ndizi mbivu, mchuzi mwepesi wa kuku au wa samaki usio na pilipili wala mafuta mengi, nusu kikombe kwa wakati mmoja. Chai ya tangawizi huwasaidia baadhi yao kutuliza kichefuchefu. Akikataa kula siku moja, usimlazimishe; akishindwa kunywa, au kila anachokunywa kikirudi, mwite mhudumu wa afya siku hiyo hiyo.

Njaa ikirudi, hurudi kwa nguvu, na hao wanaodai nyongeza wanadai haki yao. Mwili unajenga upya misuli na damu, na ratiba uliyoieleza ina upungufu mkubwa asubuhi. Chai ya rangi na mkate haimfikishi kijana adhuhuri; tena chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unayapata katika maharage na mboga. Ningeiweka chai saa moja baada ya mlo, na mahali pake ningeweka uji mzito wa ulezi au wa mtama uliotiwa karanga zilizosagwa, au muhogo na viazi vitamu vilivyochemshwa pamoja na kunde. Unga wa dona una B1 nyingi kuliko sembe, kwa kuwa kiini na ganda la hindi havikuondolewa; uhakikishe tu kwamba mahindi yalikauka vizuri na hayana kuvu.

Nikuombe jambo moja kuhusu maharage. Wapishi wengi wa jiko kubwa huyatia magadi ili yaive upesi na kuokoa kuni. Magadi huiharibu vitamini B1, ile ile tunayoihangaikia kwa wanywaji. Yaloweke usiku kucha, umwage maji, uyachemshe kwa maji mapya. Yataiva bila magadi.

Kwa mlo wa nguvu usiogharimu sana, sijaona kinachoushinda mseto, na ninashangaa kwamba nyumba nyingi za Unguja zinauacha zikadhani ni chakula cha wazee. Kwa watu 25 chukua kilo 3 za mchele na kilo 1 na nusu ya choroko. Chemsha choroko mpaka zikaribie kuiva, tia mchele na tui jepesi, funika, na mwisho umalizie kwa tui zito huku ukisonga kwa mwiko mpaka ulainike. Mchele na choroko hukamilishana, kwani upungufu wa protini ya mmoja huzibwa na mwenzake, hata siku ambayo samaki hakupatikana. Mchuzi wa papa mkavu ndio mwenziwe wa asili, lakini mroweke papa umpunguze chumvi. Faida nyingine ni ulaini: wengi wa wakazi wako wana meno mabovu na vidonda vya mdomo, nao huwa wanaona aibu kusema kwamba wameacha nyama kwa sababu hawawezi kuitafuna. Bokoboko nalo linawafaa kwa sababu hiyo hiyo. Kila siku pawe na mboga ya majani, iwe mchicha, matembele au kisamvu, na kipande cha ndimu au embe bichi pembeni, kwani uchachu wake husaidia mwili kupata madini ya chuma.

Yapo mambo mawili ya kupakua. Kula pamoja katika sinia ni desturi nzuri, lakini katika wiki za mwanzo mpe kila mtu sahani yake, kwa sababu sinia humficha asiyekula, na wewe ndiwe wa kwanza kujua kwamba fulani amerudisha chakula mara tatu mfululizo. Sahani hizo, hata hivyo, zisitiwe alama ya nani ana virusi vya UKIMWI au homa ya ini aina ya C. Maradhi hayo hayaambukizi kwa chombo cha kulia, na alama hiyo inaumiza bila kumkinga mtu yeyote. Pili, chakula kiwe na saa zake. Katika mikutano ya hatua 12 za kuacha ulevi wakazi hufundishwa kujihadhari na njaa, hasira, upweke na uchovu, kwa kuwa mambo hayo manne ndiyo yanayoamsha hamu ya kurudia. Usingizi ni mgumu katika wiki hizo, na tumbo tupu saa 5 usiku hufanana sana na hamu ya unga. Weka uji au ndizi za saa 3 usiku, na uache kahawa baada ya alasiri.

*Mwanangu wa miaka 27 anakunywa methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, kila siku kliniki hapa Dar es Salaam. Nashukuru Mungu ametulia. Lakini chai yake anatia sukari vijiko 5, anakunywa soda mchana kutwa, anakaa siku nyingi bila choo, na meno yanaoza. Majirani wananiambia methadoni ndiyo inayomla mifupa na nimshauri apunguziwe. Nimpikie nini?* — Mama wa kijana, Dar es Salaam

Dada yangu, hongera kwa kumshika mkono mtoto wako. Tangu kliniki ya kwanza ya methadoni ilipofunguliwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, maneno hayo ya mifupa yamekuwa yakizunguka mitaani, nayo yamewafanya vijana kuacha dozi na kurudi vijiweni. Methadoni haili mifupa. Inachofanya ni kuukausha mdomo, na mate yakipungua meno hukosa kinga yake. Ukiongeza soda ya mchana kutwa, yanaoza upesi. Anayetumia dawa hii aghalabu huwa na hamu kubwa ya vitu vitamu, kwa hiyo usimgombeze kama mtoto mwizi wa sukari. Shusha kijiko kimoja kila wiki, umwekee maji karibu, na utamu aupate katika papai, embe, chungwa na tende, ukimhimiza kusukutua mdomo kwa maji kila baada ya kula na kupiga mswaki kwa dawa ya meno yenye floraidi.

Kufunga choo ndilo tatizo ambalo haliondoki kwa mazoea, maana methadoni, kama dawa nyingine za jamii yake, hupunguza mwendo wa utumbo kwa muda wote mtu anapoitumia. Kwa hiyo nyuzinyuzi na maji viwe vya kila siku na visingoje tatizo litokee: dona badala ya sembe, maharage au mbaazi, mboga za majani mara mbili, papai asubuhi, na maji yasiyopungua glasi 8, zaidi siku za joto kwa kuwa dawa hiyo pia humtoa mtu jasho. Nyuzinyuzi bila maji zitamzidishia ugumu. Matembezi ya kwenda na kurudi kliniki nayo husaidia. Najua wengi hukimbilia sanamaki. Ni dawa ya kweli, lakini isichemshwe kwa kukisia, kwani muuguzi wa kliniki anaweza kumpa vidonge vyenye kipimo. Akipitisha siku 3 bila choo, mpeleke akaonwe. Na kama tumbo limejaa, linauma na anatapika, usingoje dalili zizidi, mpeleke hospitali mara moja.

Suala la dozi mwachie daktari wake. Unachoweza kufanya wewe jikoni ni kuhakikisha haendi kliniki na tumbo tupu, kwa sababu foleni ya asubuhi, jua na njaa ni mtihani mkubwa kwa mtu ambaye wenzake wa zamani wanamsubiri nje ya lango.

*Katika kituo chetu hapa Mombasa wakazi hupika kwa zamu, na anayevunja kanuni huongezewa siku za jikoni. Sasa hamira inapotea stoo, na kungumanga pia. Je, tuwatoe wakazi jikoni kabisa?* — Msimamizi, Mombasa

Bwana msimamizi, wasitolewe. Mtu aliyekaa miaka bila kujipikia hata chai anapojua kuwapikia wenzake mahamri na sukuma wiki, anatoka kituoni na ujuzi unaoweza kumlisha na pengine kumwajiri. Ninachokipinga kwa nguvu ni adhabu. Jiko likishakuwa mahali pa waliokosa, hakuna atakayeosha mikono kwa moyo, na anayeumia ni yule mgonjwa anayekula. Adhabu itafutiwe mahali pengine, na zamu ya jikoni iwe ya kustahili: apewe aliyemaliza arosto na ambaye muuguzi ameridhika naye. Mtu wa wiki ya kwanza mwenye mikono inayotetemeka, au mnywaji aliye katika hatari ya degedege, asisimame mbele ya sufuria inayochemka. Anayeharisha pia asiguse chakula cha wengine mpaka apone.

Kuhusu stoo, wasiwasi wako una msingi. Hamira, sukari na maji ya matunda vikifichwa pamoja kwenye chupa vinakuwa pombe. Kungumanga, ambayo katika pilau ni kiungo kisicho na neno, ikiliwa kwa wingi hulevya, huleta maruweruwe na kutapika, na huupeleka moyo mbio. Viwili hivyo, pamoja na arki ya vanila ambayo huwa na alkoholi, vifungiwe na vipimwe na mpishi mkuu mwenyewe kila vinapotumika. Kungumanga ningeiondoa kabisa. Pilau yenye mdalasini, iliki, bizari na karafuu haitalalamikiwa. Visu vihesabiwe kila jioni. Wapo pia wapishi wa pwani wanaoumua mikate kwa tembo (pombe ya mnazi), au wanaotumia siki iliyotokana na tembo. Katika kituo chenye wanywaji, tumia hamira na ndimu, kwa kuwa hata harufu inaweza kumsumbua mtu. Na anayetumia dawa ya disulfiramu, ambayo humfanya mtu augue anapogusa pombe, anaweza kudhurika hata kwa kiasi kidogo kilichomo katika chakula.

*Ramadhani wakazi wetu karibu wote wanataka kufunga. Tuwaruhusu?* — Mlezi wa nyumba ya upataji nafuu, Pemba

Kutaka kufunga ni dalili njema, na sitaki neno langu liwavunje moyo. Lakini aliye katika arosto anapoteza maji, na aliyekonda anahitaji milo midogo mingi. Hao ni wagonjwa, na aya ya 184 na ya 185 za Surat al-Baqara zimempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine. Mwombe imamu mnayemwamini aje awaeleze yeye mwenyewe, kwani kijana atalipokea kwake kwa utulivu zaidi kuliko kwa muuguzi. Wanaotumia methadoni au dawa za kifua kikuu wazungumze na kliniki kuhusu saa za dawa kabla mwezi haujaandama, na wasijibadilishie wenyewe.

Kwa watakaofunga, msikimbilie sambusa na kalimati. Futari ianze na tende, maji na uji, kisha swala, kisha muhogo au ndizi za nazi pamoja na maharage na samaki. Daku isiachwe hata kidogo: mseto au wali kwa kunde, mboga, tunda, na maji ya kutosha. Anayekonda ndani ya wiki ya kwanza ya mfungo ashauriwe kula.

*Mkazi wetu anameza dawa za TB. Kila akila jodari uso unakuwa mwekundu, kichwa kinamgonga na mwili unamwasha, lakini sisi wengine tuliokula sufuria hiyo hiyo hatupati kitu. Je, ni mzio?* — Mpishi, Bagamoyo

Huenda si mzio wa kawaida. Samaki wa jamii ya jodari, vibua na nguru wakikaa bila barafu hujenga kemikali iitwayo histamini, ambayo haiondoki kwa kupikwa wala kukaangwa. Mwili wa kawaida huivunja kiasi chake, lakini isoniazidi, mojawapo ya dawa za TB, hukizuia kimeng'enya kinachoivunja, ndiyo maana yeye anaugua na ninyi hamuugui. Asiache dawa kwa sababu hiyo. Mweleze muuguzi wake yaliyotokea, umwondolee samaki wa jamii hiyo mpaka atakapomaliza matibabu, na umpe changu mbichi aliyetoka baharini siku hiyo, mayai, kuku au kunde. Samaki wa nyumba nzima mnunue asubuhi mapema wakiwa kwenye barafu, na wale ambao mchuuzi amewatembeza juani mpaka adhuhuri muwaache hata kama bei imeshuka. Siku ambayo pumzi itambana, midomo itamvimba au atazimia, mkimbizeni hospitali na mtaje dawa anazotumia.